Namba Iliyoandikwa Mara Mbili

Katika vikao vya umma mimi hukaa mlangoni. Nampa mtu kalamu, namwonyesha pa kuandika jina, kitambulisho, anakotoka, namba ya simu na sahihi, kisha nachukua karatasi yake ya kuomba kuzungumza. Watu wakianza kusema, nahamia meza ya mbele na kuandika wanayosema. Nimeandika maoni ya wananchi kuhusu bei ya maziwa, mipaka ya wadi na ushuru wa bodaboda, na sijaona neno langu hata moja likibadilisha kitu. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nalipwa kwa siku, na chakula cha mchana hakikosi.

Kikao hiki cha mwezi wa kumi kilihusu mswada wa haki za watumiaji wa simu na mitandao. Kamati ilitoka Nairobi kwa magari matatu, tukaipokea katika ukumbi wa kanisa moja hapa Eldoret. Kampuni ya simu ilileta wakili, kijana nadhifu anayeitwa Felix. Serikali ilileta afisa wa ulinzi wa data, mama mwenye miwani, ambaye alitufunza sisi makarani kwa dakika kumi kabla ya milango kufunguliwa. Alisema namba ya simu ya mtu ni mali yake. Ukimwonyesha mwingine bila idhini ni kosa, na faini yake aliitaja mara mbili akinitazama mimi. Nilimwuliza mbona basi rejista hupita mkono kwa mkono, kila mtu akisoma namba za waliomtangulia. Akasema hilo wataliangalia. Nikatafuta faili kuukuu nikawa nafunika mistari ya juu, mtu asione ila mstari wake.

Mama Waithira alikuwa wa kumi na tisa. Alikuja akichechemea, na mkongojo mpya wa hospitali, akajaza jina na kitambulisho bila shida. Anakotoka, akaandika Turbo. Alipofika kwenye simu akasimama.

"Kijana, hapa niandike gani?"

"Namba yako, Mama."

"Ile yangu ama ile niko nayo?"

Nilikuwa na watu kumi na wawili nyuma yake na subira yangu ni fupi hata siku za kawaida. Nikamwambia aandike inayopatikana. Akanitazama vile watu hutazama karani.

"Ile yangu inapatikana," akasema. "Ni vile inapatikana kwa mtu mwingine."

Basi akanieleza, na foleni nzima ikasikiliza. Mwaka jana, mwezi wa tisa, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Akalazwa hospitali ya Plateau, kisha akakaa kwa dada yake huko huko akijifunza kutembea. Simu ilibaki Turbo, imezimika ndani ya kabati. Hakuna aliyefikiria simu. Aliporudi nyumbani mwezi wa pili, akaichaji, ikawaka, na haikuwa na mtandao. Kampuni ilikuwa na sheria yake: laini isipotumika siku tisini inahesabiwa imeachwa. Ya kwake ilikuwa imeachwa, imesafishwa, imeuzwa.

"Si ungenunua nyingine tu, Mama?" akauliza jamaa mmoja nyuma yake, kwa upole.

"Nilinunua. Lakini mtoto wangu anajua hiyo moja."

Mtoto ni Lynette. Alienda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba, na mwajiri alichukua simu yake wiki ya kwanza. Tangu hapo alikuwa akiazima simu za watu na kumpigia mama, mara moja kwa mwezi, dakika mbili tatu. Namba alikuwa nayo kichwani. Mama Waithira mwenyewe ndiye aliyemkaririsha, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, wakilala kwenye hema la wakimbizi pale showground. Lynette alikuwa na miaka sita. Kila jioni kabla ya kulala aliambiwa aiseme tarakimu kwa tarakimu, ili akipotea watu wajue wa kumpigia. Akaishika kabisa. Ndiyo namba pekee aliyowahi kuikariri maishani mwake, na sasa ilikuwa imepita zaidi ya mwaka mmoja bila mama yake kusikia sauti yake.

"Umewahi kuipiga hiyo namba?" nikauliza. Kalamu nilikuwa nimeiweka chini.

Alikuwa ameipiga. Mwanamke alipokea. Mama Waithira akamwambia, samahani, hiyo line ni yangu, naomba unirudishie. Yule mwanamke akamwita mwizi akakata, na kuanzia siku hiyo simu yake haikuingia tena. Sikumlaumu yule mwanamke. Nchi hii mtu akikupigia na kusema laini yako ni yake, hungoji sentensi ya pili. Wezi wa simu wametufunza hivyo, na tumefuzu. Mama Waithira alienda duka la kampuni, akaambiwa mteja mpya analindwa na sheria. Alienda ofisi ya serikali, akaambiwa ajaze malalamiko kwenye tovuti. Tovuti ikamwomba namba ya simu inayolalamikiwa, kisha ikamwambia namba hiyo si yake.

"Leo nimekuja niwaambie hawa wakubwa uso kwa uso," akasema. "Sitaki kitu kingine. Nataka hiyo namba."

Nikamwambia aandike zote mbili. Akaandika ile ya zamani kwanza, kwa mwandiko mkubwa, na ile mpya chini yake, ndogo.

Kikao kilianza kwa maombi, kikafuatwa na itifaki, na kufikia saa sita tulikuwa bado tunatambua uwepo wa waheshimiwa. Felix alipopewa nafasi alizungumza vizuri mno. Alisema namba ni rasilimali ya taifa yenye kikomo, lazima itumike tena, na kwamba kampuni yake huwaarifu wateja kabla ya kufunga laini. Mzee mmoja akauliza huwaarifu kwa njia gani. Felix akasema kwa ujumbe mfupi kwenye laini yenyewe. Watu walicheka, naye akacheka nao, akaketi.

Wananchi walipewa dakika tatu kila mmoja. Mimi ndiye niliyempangia Mwenyekiti karatasi za wasemaji. Mkulima wa Sugoi alilalamikia matangazo yanayomla salio. Mwalimu alitaka kujua nani anasikiliza simu zetu. Jina la Safia Abdikadir liliitwa, halikujibiwa. Jirani yake akasema ametoka kuswali adhuhuri, atarudi. Nikaitoa karatasi yake nikaiweka chini ya nyingine, na Mama Waithira akaitwa.

Alisimama bila mkongojo. Hakutukana, hakulia. Alieleza kama alivyonieleza mlangoni, kwa mpangilio ule ule, nyonga, kabati, siku tisini. Alipofika kwenye mtoto akasema, "Na ile namba yenyewe ni sifuri saba mbili..."

"Mama, hapo simama," Mwenyekiti akamkata. "Tuko hewani, Facebook. Usitaje namba."

"Lakini ni yangu."

Afisa wa data akainama kwenye kipaza sauti. "Kwa sasa si yako, Mama. Ina mwenyewe, na huyo mwenyewe ana haki."

"Na mimi nina nini?"

Dakika tatu zilikuwa zimekwisha. Felix alisema anampa pole kwa ajali ya nyonga, na kwamba mswada ukipita, siku tisini zinaweza kuwa mia na themanini. Mama Waithira akasema yeye hakuulizia siku. Akaketi. Nilikasirika, nami si mtu wa kukasirika kazini. Niliandika sentensi yake ile ya mwisho kama ilivyo, nikaipigia mstari.

Kabla ya chakula nina kazi moja ndogo ya aibu. Watu wetu husajili mara mbili. Mtu hujiandikisha kwa jina lake, anatoka, anarudi na koti lingine anaandika jina la ndugu yake, ili apate sahani mbili za pilau. Majina watabadilisha, lakini simu wanasahau kubadilisha. Kwa hiyo nikifika saa saba kasorobo napitisha kidole kwenye safu ya simu nikitafuta namba iliyojirudia. Mwaka huu pekee nimewakamata kumi na mmoja.

Siku hiyo kidole kilisimama kwenye mstari wa saba. Nikashuka hadi wa kumi na tisa, nikapanda tena. Tarakimu kumi, zote sawa. Wazo langu la kwanza, sifichi, lilikuwa pilau. Nilidhani Mama Waithira amenichezea, hadithi yote ile kwa sahani ya pili. Kisha nikasoma jina la mstari wa saba. Safia Abdikadir.

Aliyenunua ile laini alikuwa humu ndani, na karatasi yake ilikuwa mbele yangu.

Niliinua macho. Mama Waithira alikuwa safu ya nne, akifunga kitambaa chake upya. Safia ndio alikuwa akiingia, mwanamke wa miaka arobaini hivi, hijabu ya kahawia, uso bado na maji ya udhu. Aliketi safu ya pili. Kati yao kulikuwa na safu moja ya viti na sheria moja. Ningeweza kuinuka nikamnong'oneza mmoja wao. Afisa wa data alikuwa mita mbili kutoka kwangu na faini yake ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa miaka mingi. Nina mke na nina watoto, na ushujaa sikuzaliwa nao. Lakini karatasi za wasemaji hazikuwa na sheria. Nilichomoa ya Safia kutoka chini nikaiweka juu.

"Wa mwisho kabla ya chakula," Mwenyekiti akasema. "Safia Abdikadir."

Safia alishika kipaza sauti kama mtu aliyezoea kunadi bidhaa.

"Mimi naitwa Safia, nauza madera na mapazia hapa town. Yangu ni fupi. Mheshimiwa, hii line nilinunua mwezi wa pili dukani kwa hawa watu, ikiwa mpya, nikapewa na karatasi. Tangu hiyo siku sina amani. Kila saa, 'Mama Lynette, chama ni lini?' 'Mama Lynette, mbolea imefika.' Mimi si Mama Lynette! Mimi ni Mama Ikra! Kwani hawa watu waliniuzia line ama waliniuzia mama mzima?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mimi sikuandika. Nilikuwa nikitazama safu ya nne.

"Na wezi nao hawako nyuma," Safia akaendelea, akitiwa moyo na kicheko. "Siku hizi wanatumia wasichana. Kuna mmoja anapiga na namba ya Uarabuni, analia, 'Mum, ni mimi, usikate.' Mara tatu amenipigia. Hizo mimi nazijua, ukikaa dakika moja unaambiwa tuma pesa. Nikamkatia, nikablock. Sasa naomba serikali..."

"Alisema nini?"

Mama Waithira alikuwa amesimama.

"Mama, wakati wako uliisha," Mwenyekiti akasema.

"Baada ya kusema usikate. Alisema nini?"

Safia aligeuka. Aliangalia mkongojo, akaangalia uso, akatushangaza wote kwa jinsi alivyoelewa haraka. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake, na ukumbi mzima ukamsikia akisema polepole, "Sikungoja. Wallahi, mama, sikungoja."

Mwenyekiti akatangaza chakula. Ndiyo njia yake ya kushughulikia mambo.

Hakuna aliyeenda kwenye pilau. Safia alishuka, akaketi kando ya Mama Waithira, akatoa simu na kufungua orodha ya namba alizozuia. Zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa ya ng'ambo. Nyingine Mama Waithira aliitambua kabla ya kuambiwa, kwa sababu ilikuwa yake mpya. Mama na mtoto walikuwa wamekaa pamoja miezi mingi katika orodha ya wezi ya mwanamke mwingine.

Safia aliwafungua wote wawili, akapiga ile ya ng'ambo. Akapokea mwanamume, kwa Kiarabu. Safia aliwahi kufuata mizigo Dubai, kwa hiyo akamjibu. Walizungumza kidogo, kisha akatueleza. Yule mtu ni dereva. Msichana aliazima simu yake mara tatu. Mara ya mwisho aliirudisha akasema basi, mama hataki kuongea na mimi. Amehamishiwa nyumba nyingine, mji mwingine. Dereva akikutana na mtu wa nyumba hiyo atamtumia msichana habari.

"Mama hataki," Mama Waithira akarudia. Aliyasema maneno hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nikaona ni bora nitazame meza.

Felix alikuja, na lazima niseme alikuja kwa nia njema. Alisema laini inaweza kurudishwa. Wote wawili waje dukani na vitambulisho, wajaze fomu, na wakati wa kuhamisha laini itafungwa siku kumi na nne.

"Itafungwa?" Safia akauliza.

"Siku kumi na nne tu."

"Na mtoto akipiga siku ya tano?"

Felix alisema huo ndio utaratibu. Safia akatoa SIM kwa pini ya hijabu yake, akamwekea Mama Waithira kiganjani. Hapo afisa wa data akaingilia. Kutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwingine ni kosa, tena la jinai, alisema, na asingependa kuona kosa likitendeka katika kikao cha kuzuia makosa. Mama Waithira aliitazama ile SIM. Akairudisha.

"Basi haitoki kwa simu yangu," Safia akasema, akimgeukia, akiwapa wale wawili mgongo. "Na haizimwi. Wewe njoo kwangu, mama. Nitakupa kiti. Ikilia, tuko wote."

Ripoti niliiandika wiki iliyofuata, kurasa sitini na mbili. Nairobi wanataka kila maoni yaingie mstari mmoja, kwenye safu ya Anaunga, Anapinga au Mengineyo. Mama Waithira na Safia niliwatia kwenye Mengineyo: wananchi wawili waliuliza kuhusu namba zinazouzwa upya. Sikuona pa kutia dereva. Baadaye kidogo nikasikia kwamba kamati imependekeza siku mia na themanini, na magazeti yakaandika kwamba mtumiaji ameshinda.

Ningeishia hapo kama Nairobi wasingenirudishia rejista. Waliandika kwa wino mwekundu: mstari wa 7 na wa 19, namba moja, eleza, wote wawili watie sahihi. Walikuwa wakitilia shaka sahani moja ya pilau. Nikaichukua rejista, nikaenda dukani kwa Safia siku ya Alhamisi asubuhi, nikiwa nimekasirika kiasi changu.

Mama Waithira alikuwa hapo, kwenye kiti cha plastiki ndani ya kaunta, akikunja madera. Alikuwa akija kila siku kutoka Turbo kwa siku ishirini na tatu. Mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani na jirani ndiye aliyekuwa akivuna. Simu ilikuwa katikati ya kaunta, imechomekwa kwenye chaji, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kuweka mkoba juu ya waya. Safia alinionyesha mahali pa kuketi. Nilikuwa namweleza habari ya sahihi simu ilipolia.

Safia aliipokea kabla sijamaliza neno. Hakusema halo. Nilikuja kujua kwamba simu zote alizipokea hivyo sasa, za wateja, za watu wa chama, za mumewe mwenyewe.

"Usikate," alisema. "Mama yako yuko hapa."

Alisikiliza. Kisha akainyoosha simu kwa mikono miwili, na waya wa chaji ukachomoka ukaanguka.

Mama Waithira aliishika sikioni. Duka lilikuwa dogo na sauti ya upande ule ilikuwa ya mtu anayesema kwa nguvu, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mum? Mum, mbona ulinikatia?"

Nilijua majibu ya swali hilo. Nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu: siku tisini, rasilimali ya taifa, haki ya mteja mpya, siku kumi na nne. Mama Waithira naye aliyajua, aliambiwa yote. Hakulitaja hata moja.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe, Lynette. Sitakukatia tena."

Safia alienda kufunga mlango wa duka, wateja wakiwa bado nje. Mimi nilikuwa nimeshika rejista mapajani. Katika kurasa zote sitini na mbili kampuni haikuwa imesema neno nisamehe, wala serikali. Alilisema Mama Waithira. Nilisubiri wamalize kuongea, kisha nikaondoka bila sahihi.